Mwanamke Aliyekunja Waya

Jumanne ile mke wangu aliamka kabla yangu, kama kawaida. Nilimsikia akisogeza kiti kwa mguu, maana mikono ilikuwa na birika na vikombe. Chai ilikuwa ya rangi. Mkate ulikuwa wa jana, akaupasha kwenye kikaango mpaka ukashika weusi upande mmoja.

"Kula huo ulioungua," akaniambia. "Wewe ndiye mwenye meno."

Ya kwake yalikuwa yameanza kulegea. Ufizi ulikuwa na mstari wa bluu. Tulidhani ni uzee.

Akakaa, akashika tumbo. Tumbo lile lilikuwa likimsokota miezi mitatu, na yeye akijikaza tu.

"Leo unakwenda kliniki," nikasema.

"Na tanuri la karakana?"

"Nitakaa mimi."

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama fundi nguo. "Wewe ni mtu wa kuvuta waya."

"Miaka thelathini nakuona ukichoma."

"Kuona," akasema. Akanywa chai kwanza. "Haya. Waya ukiwaka uwe rangi ya chungwa lililoanza kuiva. Ukiona manjano umeshaharibu. Na kila rola ya waya ikitoka, kata ncha, ikunje. Mara ishirini. Ikikatika kabla ya hapo, weka pembeni, nitakuja kuitazama mwenyewe."

"Sawa, mama."

"Kila rola."

"Nimesikia."

"Umesikia kwa sikio lipi? Hilo la kulia halifanyi kazi."

Nikacheka. Akafunga kanga yake, akachukua kadi ya kliniki, akatoka. Hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida. Sikujua. Niliosha vikombe nikaenda kazini.

Nimeambiwa na binti yetu niandike mama yake alikuwa nani, wajukuu wasome. Kalamu niliijulia ukubwani. Nitasema ninayoyajua.

Alikuja kwenye karakana ya waya akiwa na miaka kumi na tisa, kufagia. Karakana ilikuwa banda refu la bati. Upande mmoja sisi wavutaji: waya mnene unapitishwa kwenye tundu dogo la chuma kigumu, unavutwa kwa mashine, unatoka mwembamba. Halafu tundu dogo zaidi, na zaidi, mpaka unakuwa kama uzi. Upande wa pili kulikuwa na tanuri, na mbele yake karai refu la risasi iliyoyeyuka. Waya unapita motoni ukiwaka, unazama kwenye risasi, unatoka upande wa pili umetulia. Kona ile haikuwa na dirisha. Sisi tulisema tajiri ni mkono wa birika, anabana hata mwanga.

Mzee aliyeshika tanuri alikuwa haongei. Alimwonyesha kwa kidole tu: hapa tazama, hapa ngoja. Mke wangu alifagia kona ile kuliko kona zote, mpaka ikawa haina hata vumbi la kufagia. Mzee alipoacha kazi kwa sababu ya macho, tajiri akauliza nani anaijua rangi. Mzee akanyoosha kidole kwa mfagiaji.

Wanaume walicheka. Mmoja akasema, "Mwanamke na tanuri, atatupikia nini?"

"Ningewapika nyinyi," akajibu, "ila nyote mmekauka, hamna hata mafuta."

Mimi nilimjua kwa ugomvi. Waya wangu ulikuwa ukikatika kila baada ya muda mfupi. Nikaenda kwake nimefura. Nikamwambia tanuri lake linaniletea waya mbichi. Akaja mpaka kwenye mashine yangu, akachovya kidole kwenye kisanduku cha sabuni ya unga, ile inayolainisha waya uingie tunduni. Kisanduku kilikuwa kitupu.

"Unamvuta mtu kavukavu hivi," akasema, "halafu unashangaa akikukatikia."

Wenzangu walinicheka wiki nzima. Mwaka haukuisha, tukaoana.

Tulizaa wawili, tukazika mmoja. Kuhusu yule tuliyemzika sitaandika.

Nyumbani alikunja kila kitu. Kijiko, pini, waya wa kuanikia nguo. Dukani alishika sindano akaipinda kidogo mbele ya mwenye duka. Binti yetu alikuwa akisema, "Mama anachagua pini kama anamchagulia mtu mchumba." Mama mtu alijibu, "Mchumba ukimkunja anarudi. Hii ikikatika imekatika."

Mwaka mmoja alikuja mtaalamu mwenye hadubini. Akatazama ncha za waya zilizokatika, akamwita mke wangu naye atazame. Jioni aliporudi hakuvua hata viatu. Akamwaga chumvi laini mezani, fungu moja. Pembeni akaweka chumvi ya mawe.

"Waya ndani una chembe," akaniambia. "Ukiuvuta, chembe zinabanwa, zinarefuka, waya unakuwa mgumu na hasira. Ndiyo maana mnaniletea. Nikiupa moto wa kiasi, chembe zinazaliwa upya, ndogondogo, zimeshikana. Hivi." Akagusa chumvi laini. "Nikizidisha moto, chembe zinamezana. Zinakuwa hivi." Akagusa ya mawe. "Kwa nje huoni kitu. Waya ni uleule, unene uleule. Ila ukiukunja unapasukia pale chembe kubwa zinapokutana."

"Sasa hiyo chumvi tunaila au tunaitazama?" nikamuuliza.

"Wewe huna akili," akasema. Lakini alikuwa na furaha. Kumbe miaka yote alikuwa akizipima kwa vidole chembe ambazo hajawahi kuziona, na siku ile aliziona.

Basi. Jumanne.

Kazi ya siku ile ilikuwa rola kumi na mbili, moto wa mwisho, ziende chumba cha kusuka zikawe kamba. Kamba ilikuwa ya machimbo ya mawe, saa moja kutoka kwetu. Kule watu wanashushwa shimoni kwa ndoo kubwa ya chuma inayoning'inia kwenye kamba ya winchi. Kamba yao ya zamani ilikuwa imechoka, kazi ikawa inasuasua, kila siku wanapiga simu.

Rola ya kwanza nilichoma vizuri. Rangi ilikuwa ya chungwa. Nikakata ncha, nikaikunja huku na huku. Ishirini, ishirini na moja, ikakatika. Nikajisifu moyoni.

Kisha mafundi wakapanda juu ya paa. Msimamizi mpya, kijana mwenye nia nzuri, alikuwa ameagiza bati mbili za plastiki zinazopitisha mwanga. Alisema watu hawawezi kufanya kazi gizani kama popo. Wakang'oa bati mbili juu ya tanuri, wakaweka zile. Jua likaingia kama maji. Sote tulifurahi. Nilimwambia msimamizi ahsante.

Nikarudi kutazama waya. Rangi ilikuwa imefifia, nyekundu iliyochoka. Nikadhani moto umepungua. Kipimo cha joto kilikufa zamani, hakuna aliyekiuliza, macho ya mke wangu ndiyo yalikuwa kipimo. Nikafungua mafuta kidogo. Bado nyekundu. Nikafungua tena mpaka nikaona chungwa lililoanza kuiva.

Mtu wa tanuri angejua. Kitu cha moto kikitazamwa juani huonekana kimepoa. Mimi nilikuwa mtu wa kuvuta.

Na sikukunja. Ncha nilizikata tu, nikazitupa kwenye ndoo ya vipande. Rola ya pili ilitoka, watu wa kusuka wamesimama mlangoni wanangoja. "Mzee, vipi, tunaota mizizi hapa." Nikajisemea, ya kwanza imetoka sawa, rangi ni ileile, ya nini tena. Nikawapa. Nikawapa zote kumi na moja.

Kliniki walimlaza mke wangu. Walisema ni risasi, mvuke wa lile karai, imeingia damuni miaka mingi. Siku mbili aliwekewa dripu. Kila nilipokwenda aliuliza, "Ulikunja?" Nikasema, "Nilikunja." Haikuwa uongo wote. Nilikunja moja.

Ijumaa alfajiri walimruhusu, akaambiwa akalale nyumbani. Alikwenda karakana moja kwa moja. Nilikuwa nimefika muda si mrefu. Alisimama mlangoni mwa kona yake, jua la asubuhi limeshaanza kuingia. Akatazama juu. Akainua mkono, akautazama mkono wenyewe ulivyong'aa.

"Hii iliwekwa lini?"

"Jumanne."

"Kabla ya kazi au baada?"

"Katikati," nikasema.

Akaenda kwenye ndoo ya vipande, akachukua ncha za waya wa Jumanne. Akabana moja kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania mezani. Akaikunja. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Ikakatika. Akachukua nyingine. Nne. Akaipeleka machoni. Kwenye mkatiko ilikuwa inametameta, punje zinaonekana kwa jicho tupu.

Akaniangalia. Nikatazama sakafu.

"Kamba iko wapi?"

Mtu wa kusuka akajibu, "Ilichukuliwa jana, mama. Leo asubuhi wanaanza kuitumia."

Akaenda ofisini, mimi nyuma yake. Msimamizi akamsikiliza mpaka mwisho, kwa hilo namsifu. Kisha akafungua daftari. "Mama, waya huu ulipita kwenye mashine ya kupimia nguvu. Ulivutwa, ukashika. Namba hizi hapa."

"Umevutwa umenyooka," akasema. "Kule hautanyooka. Unapita juu ya kapi, unakunjwa, unanyooshwa, unakunjwa, kutwa nzima. Piga simu wasimamishe."

"Nisimamishe machimbo kwa sababu umevunja kipande kwa vidole? Jumatatu mtaalamu anakuja. Atapima."

"Jumatatu atapima nini? Maiti?"

"Mama, wewe ni mgonjwa. Nenda ukapumzike."

Mke wangu akatoka, akachukua ncha tatu za waya, akazifunga kwenye pembe ya kanga. Nje kulikuwa na lori la chuma chakavu linalopita njia ya machimbo. Akamwambia dereva, "Baba, tupeleke, na usiendeshe kama unabeba mayai." Mwendo mzima alishika tumbo kwa mkono mmoja. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo mara mbili, nikafunga.

Machimbo yalikuwa shimo la wima, kina kama ghorofa kumi. Juu yake mihimili ya chuma na kapi, na pembeni winchi. Kamba mpya ilikuwa inang'aa. Mwendesha winchi alikuwa mtu mzima mwenye kofia ya sufu, mguu juu ya breki.

"Zima," mke wangu akamwambia.

"Shikamoo na wewe, mama," akasema yule. Alidhani ni utani.

"Watu wako chini?"

"Watatu. Wewe nani?"

"Mimi ndiye ninayechoma waya wako. Huu umeharibika."

Yule akamtazama, mwanamke mgonjwa mwenye kanga, na mimi nyuma nimenyauka. "Mama, mimi nina kazi. Kama mumeo amekuudhi mkagombane kwenu."

Akafungua pembe ya kanga. Akampa ncha moja. "Kunja. Hesabu kwa sauti, tusikie wote."

Mwendesha winchi akakunja. Alihesabu kwa dharau, moja, mbili. Ilipofika tano ikakatika mkononi mwake. Mke wangu akamwonyesha kamba ya zamani iliyotupwa pembeni, yenye kutu. "Chomoa waya mmoja wa ile, ukunje." Akachomoa. Alifika kumi na saba.

Akautazama waya wa kutu, akautazama ule mpya. Kisha akatazama shimo.

"Mwanangu yuko chini," akasema. Polepole tu, kama anamwambia mtu mwingine.

Kamba ya zamani isingeweza kurudishwa upesi, ingechukua nusu siku, na chini maji ya chemchemi yalikuwa yamefika magotini kwa sababu pampu ilikuwa mbovu. Mke wangu akakaa chini kwenye jiwe, akauliza ndoo peke yake ina uzito gani, na mtu mmoja ana uzito gani. Kisha akasema, "Toa vifaa vyote kwenye ndoo. Mmoja mmoja. Polepole, usisimamishe katikati, usishtue breki. Mimi nitasikiliza pale kwenye kapi."

"Utasikiliza nini?"

"Ukikatika waya mmoja unalia. Nitakwambia zimekatika ngapi."

Wa kwanza alipanda. Mke wangu amesimama chini ya mhimili, kichwa kimeinama upande. Alinyoosha vidole vitatu. Nyaya tatu zimekatika. Mtu akatoka, akakaa chini.

Wa pili alipanda. Kabla hajafika nusu, mke wangu alinyoosha vidole vya mkono mzima, akakunja, akanyoosha tena. Mimi sasa nilisikia mwenyewe, pap, pap, kama kuni mbichi motoni. Yule naye akatoka.

Wa tatu alikuwa mtoto wa mwendesha winchi. Mtu mzima, ana ndevu. Alikuwa amewatanguliza wenzake.

"Simama mbali na hapo, mama," mwendesha winchi akasema. Jasho lilikuwa linamtoka puani.

"Nikienda mbali sisikii."

"Mama watoto," nikasema, "rudi nyuma."

"Nyamaza, sisikii."

Ndoo ikapanda. Akawa anaita tu sasa, hahesabu tena kwa vidole: "Twende. Twende. Usisimame. Twende." Kichwa cha yule mtu kikatokea, kisha mabega. Akashika ukingo. Wenzake wawili wakamdaka mikono, wakamvuta akalalia kifua juu ya udongo. Ndipo kamba ikakatika kwenye kapi.

Ndoo ilianguka. Tuliisikia chini baada ya muda. Ncha ya juu iliruka kama fimbo, ikampiga mke wangu ubavuni. Hakupiga kelele. Alikaa chini kama mtu aliyechoka. Nilipomfikia alikuwa anaitazama ile ncha, nyaya zimechanua kama ufagio, kila moja inametameta.

Alikaa hospitali siku tisa. Mbavu nne zilivunjika, na ndani kulikuwa na damu ambayo hawakuweza kuizuia. Daktari alisema mwili ungekuwa na nguvu ungepigana, lakini ile risasi ilikuwa imeshaula.

Msimamizi alikuja siku ya tatu. Alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi. Alisema kamba yote imekatwakatwa na bati zimetolewa. Mke wangu akauliza kama rola zote kumi na moja ziliingia kwenye kamba ile au kuna zilizobaki. Msimamizi akasema mbili zilibaki ghalani. "Kazikate leo," akasema. "Usingoje Jumatatu." Kijana yule alilia pale pale, mbele za watu, akaenda. Alirudi jioni akiwa na vipande kwenye mfuko, ili mke wangu avione kwa macho yake.

Mwendesha winchi alikuja kila siku. Alileta machungwa, akamenya, akayaweka kwenye sahani, akaondoka. Mwanawe alikuja mara moja. Alimshika mke wangu mkono akamwita mama, akashindwa kuendelea. Mke wangu akamwambia, "Ndevu hizo zinyoe, umenitisha ulipotokea shimoni." Yule akacheka na machozi yanamtoka.

Mimi nilikaa. Binti yetu alinipokea usiku, mchana nilikaa. Watu walinipa pole, wakaniambia mkeo ameokoa watu watatu. Nikaitikia.

Siku ya nane, mchana, hali ilikuwa nzuri kidogo. Alikunywa uji vijiko vinne. Nikamfuta mdomo. Binti alikuwa ametoka kununua dawa. Tulikuwa wawili tu, na wagonjwa wengine wamelala.

Nikamwambia. Nilisema haraka, bila kumtazama. Kwamba siku ile nilikunja rola ya kwanza tu. Kwamba watu wa kusuka walinisukuma, nikaona uvivu, nikaona ni ileile. Kwamba aliponiuliza nilimdanganya, na kwenye lori nilishindwa. Kwamba ningekunja hata moja tu nyingine, angekuwa nyumbani anagombana na birika.

Alifumba macho. Nikadhani amelala. Kisha akatafuta mkono wangu juu ya shuka, akaupata. Vidole vyake vilikuwa havina nguvu tena, havingeweza kukunja hata uzi.

Alfajiri ya kesho yake alikuwa ameondoka. Watu huniuliza aliniachia neno gani. Aliyosema mchana ule ni haya, sikuongeza wala kupunguza:

"Najua hukukunja. Nilijua tangu Ijumaa pale kwenye jiliwa. Ungekunja ungeona, na kama ungeona usingezitoa rola zile. Mimi sikuolewa na mtu wa kutoa kitu alichokiona kimekatika."